Siri ya Tela

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Nukta alimtayarisha bibi yake. Alimwekea maji ya kunawa, akampanguza uso, akamchana nywele zake nyeupe, na huku akichana alimsimulia jinsi siku ilivyoamka: kama kuna mawingu, kama jirani ameanika nguo, kama paka mgeni amekuja kukaa ukutani. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alisema anaiona dunia kama anayechungulia kupitia kioo cha bafuni chenye mvuke. Mtu akisimama mbele yake aliona kivuli tu, akamtambua kwa sauti au kwa jinsi anavyoburuta viatu.

Nukta halikuwa jina la kwenye cheti. Alizaliwa mdogo mno, na bibi huyo huyo, enzi hizo macho yake mazima, alimtazama akasema huyu si mtoto, ni nukta. Jina likaganda. Sasa alikuwa darasa la sita na aliwazidi wenzake wengi kwa urefu, lakini hakuna aliyemwita vingine.

Baba yake alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Mama alifundisha watoto wa chekechea. Walikuwa na gari kubwa la viti saba, la zamani lakini imara, ambalo nyumbani waliliita Kifaru. Lilikuwa la gia za otomatiki, zinazojibadilisha zenyewe bila klachi ya kukanyaga, na ndiyo maana Mama alilipenda. Alikuwa na sharti moja tu: Kifaru lisivute tela la kubebea mbao na samani za Baba. Tela lile lilikuwa la kuvutwa na lori la kukodi. Mama alisema gari ndiyo miguu ya mama mkwe wake, kwa hiyo lisichoshwe na mizigo. Baba aliahidi, na kwa muda mrefu alitimiza.

Siku ahadi hiyo ilipovunjika, Nukta alikuwepo. Ilikuwa likizo. Baba alikuwa amemaliza madawati ya shule moja iliyo juu ya kilima, na shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake. Lori halikutokea. Mwenye lori kila alipopigiwa simu hakupokea. Baba alizunguka yale madawati, akasimama, akazunguka tena. Hakutaka watoto wa watu wakae sakafuni kwa sababu yake. Mwishowe akalirudisha Kifaru kinyumenyume mpaka kwenye tela, akamwita Nukta amsaidie kushika kamba.

Walifika, ila kwa taabu. Katika mpando injini ilinguruma huku gari likitambaa, na ndani kukaingia harufu kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Baba alifungua madirisha. Wakati wa kurudi ndipo alipomwambia Nukta, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba habari ya tela Mama asiijue, maana atapata wasiwasi bure. Nukta akakubali kwa kichwa. Wakati huo hata alijisikia fahari kidogo kuaminiwa hivyo na baba yake.

Fahari hiyo haikudumu. Kuanzia siku ile Kifaru lilibadilika. Ukiweka gia ya kwenda mbele, lilisita kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini, kisha likaruka kwa kishindo. Mama aliuliza lina nini. Baba akajibu ni baridi ya asubuhi. Baadaye likaanza kufanya hivyo hata mchana, Mama akauliza tena, na Baba akasema gari kuukuu lina mambo yake. Kila swali lilipoulizwa, Nukta aligeukia dirishani. Alipenda kukaa na mama yake jikoni wakipiga soga, lakini siku hizo alimaliza kazi upesi na kujiondokea. Aliogopa kwamba mdomo utateleza.

Bibi, ambaye hakuona uso wa mtu, ndiye aliyeng'amua. Asubuhi moja akichanwa nywele aliuliza, "Mjukuu wangu, mbona sauti yako siku hizi ina kona? Zamani ilikuwa inanyooka."

Nukta alisema ni mafua. Bibi akasema mafua hayo ameyajua, yeye mwenyewe aliwahi kuugua, kisha akayaacha yapite.

Wakati huo wote nyumba nzima ilikuwa ikisubiri siku moja. Daktari bingwa wa macho alikuwa anakuja katika hospitali kubwa iliyo ng'ambo ya mlima, na Bibi alikuwa kwenye orodha ya watakaofanyiwa upasuaji. Akikosa safari ile, haijulikani daktari angerudi lini. Mama alipanga nguo za Bibi mara kadhaa akizipangua. Baba naye alikuwa na hesabu yake kichwani: Kifaru livumilie mpaka Bibi apelekwe na kurudishwa, halafu atalipeleka kwa fundi kimyakimya.

Waliondoka asubuhi, hewa ikiwa safi. Bibi alikaa nyuma na Nukta, mkoba mapajani. Tambarare yote gari lilikwenda vizuri, na Baba alianza hata kuimba kwa chini. Mlima ulipoanza, wimbo ukakatika. Injini ilipiga kelele kubwa lakini gari halikuongeza mwendo. Baba alikanyaga mafuta zaidi. Kelele ikazidi, mwendo ukapungua. Ile harufu ya pasi ikarudi. Kisha gari likaachia kabisa, kana kwamba magurudumu na injini havijuani, na Nukta akahisi wanarudi nyuma. Baba alikanyaga breki, akavuta breki ya mkono, akakaa ameshika usukani kwa mikono miwili. Bibi akauliza kwa upole kama wamefika.

Waligeuza gari kwa uangalifu na kulishusha taratibu mpaka chini ya mlima, palipokuwa na gereji. Mwenyewe aliitwa Fundi Miwani kwa sababu alivaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso, na alibadilisha kulingana na kitu anachokitazama. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe. Mafuta hayo yanatakiwa kuwa mekundu na angavu. Haya yalikuwa ya kahawia, yanakaribia weusi, na yalikuwa yamepungua. Akanusa, akakunja uso, akalala chini ya gari kidogo. Alipotoka alieleza kwamba ameona mpira unaovuja karibu na giaboksi.

Akawauliza tatizo limeanza lini, na kama gari liliwahi kuvuta mzigo mzito.

"Naomba jibu la kweli, kwa sababu ndilo litakaloniongoza," alisema. "Kama shida ni kuvuja tu, nitakaza mpira, nitaongeza mafuta, mtakwenda polepole na mtafika. Lakini kama giaboksi iliungua kwa mzigo, sahani za klachi za ndani zimelika. Nikiongeza mafuta, litawapeleka mpaka katikati ya mlima halafu litaachia tena. Na huko juu barabara haina kingo."

Mama alimtazama Baba. Baba alitazama boneti.

"Limeanza leo," alisema. "Mzigo halijavuta."

Fundi akaitika, akaenda rafuni kuchukua kopo la mafuta.

Nukta alikuwa amesimama karibu na mlango wa nyuma. Alikuwa ameahidi. Tena aliyemwahidi ni baba yake, mtu aliyekuwa akimbeba mgongoni akiumwa. Lakini kupitia dirishani alimwona Bibi amekaa wima, mkoba mapajani, akitabasamu peke yake kama mtu anayeelekea harusini. Nukta alikwenda akashika mkono wa shati la baba yake.

"Baba," alisema, "Bibi yumo ndani."

Baba alimtazama mwanawe, kisha akageuza shingo akamtazama mama yake mzazi aliye ndani ya gari. Alijipangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa michafu.

"Fundi, subiri," alisema. "Lilivuta tela. Tela limejaa madawati, kwenye mpando. Tangu siku hiyo haliko sawa."

Fundi Miwani alilirudisha kopo rafuni. Mama hakupaza sauti. Alishusha pumzi, akasema, "Baba Nukta, hili tutalizungumza. Kwanza tumfikishe Mama hospitali."

Kwenye benchi la gereji alikuwa ameketi mama mmoja mtu mzima, mwalimu mkuu mstaafu, akisubiri gari lake dogo lifungwe tairi. Alikuwa amesikia yote, na hakujifanya hakusikia. Alisema anapita mbele ya hospitali hiyo hiyo. Kiti cha nyuma kimejaa miche ya miti, lakini akisogeza miche, watu wawili watakaa bila shida. Kwa hiyo Mama na Bibi wakaenda naye. Bibi aliondoka akiwa amekumbatia mche mmoja uliokosa nafasi, akimuuliza mwenyeji wake mti huo unaitwaje na unatoa maua gani.

Nukta na Baba walibaki. Fundi alilinyanyua gari juu ya nguzo zake, akafungua karai la mafuta lililo chini ya giaboksi, na mafuta meusi yakatiririka ndani ya beseni. Ndani ya karai hilo mlikuwa na tope laini linalong'aa. Alieleza kuwa hizo ndizo sahani za klachi zilizokuwa zikisagika kidogo kidogo, kila siku walipoendesha. Zingewahiwa mapema, pengine mafuta mapya na mpira mpya vingetosha. Sasa itabidi giaboksi ishushwe na kufunguliwa yote.

Walikaa kwenye lile benchi. Nukta alijikaza mpaka akashindwa, machozi yakamtoka. Aliuliza kama amemchongea baba yake.

Baba alimvuta karibu. "Hukunichongea. Ulinikumbusha tu nani yumo ndani," alisema. Akaongeza kwamba neno lile moja la "halijavuta" angeweza kulijutia maisha yake yote.

Jioni, Baba na Nukta wakiwa wamesharudi nyumbani kwa basi, Mama alipiga simu: Bibi amefanyiwa upasuaji na amelala salama. Kisha akaomba azungumze na Baba peke yake. Baba alikwenda na simu karakanani, akazungumza akitembea huku na huku kati ya mbao. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini mabega yalikuwa yameshuka, kama mtu aliyetua gunia.

Daktari alitaka kumwangalia Bibi kwa siku kadhaa, na siku hizo zilimtosha Fundi Miwani. Alifunga sahani mpya za klachi, mpira mpya na mafuta mapya mekundu. Kabla ya kulikabidhi gari alipanda nalo mlima na kushuka, akarudi akisema linabadilisha gia kama linateleza kwenye sabuni.

Nukta na baba yake walikwenda kuwachukua. Bibi alikuwa ameketi uani, kivulini, amevaa miwani myeusi. Aliivua Nukta alipokaribia. Alimshika mashavu kwa viganja viwili, akamtazama kwa utulivu, sehemu moja baada ya nyingine. Kidole chake kikasimama juu ya jicho la kushoto.

"Kovu hili la nini?" aliuliza.

Nukta alieleza kuwa alianguka uwanjani, zamani, akashonwa.

"Na mimi niliambiwa nini?"

Wote watatu wakatazama chini. Bibi alikuwa ameambiwa kwamba mtoto anaumwa kichwa tu, ili asipate wasiwasi. Bibi akatikisa kichwa, akasema kumbe katika nyumba ile si yeye peke yake aliyekuwa haoni, hata wenye macho walikuwa wakifichana mambo. Kisha akalibusu lile kovu, na Mama akacheka huku anafuta machozi.

Njiani kurudi, Kifaru liliukabili mlima. Injini ilivuma kwa chini, gia zikapanda moja baada ya nyingine bila mtu kuhisi. Walipofika kileleni Baba aliegesha pembeni, akageuka nyuma.

"Nukta, nataka niseme mbele ya mama yako na bibi yako," alisema. "Nilikosea mara mbili. Kwanza nilivunja ahadi na nikaficha tatizo likiwa dogo, likakua hata karibu lituangushe. Hilo nimeshamwomba mama yako radhi. La pili ni kubwa zaidi. Nilichukua siri yangu nikakubebesha wewe. Ulinyamaza, ukakosa raha nyumbani kwako mwenyewe. Sikia mwanangu: mtu mzima akikwambia jambo, akasema usimwambie mama, jambo hilo mwambie mama siku hiyo hiyo. Hata kama mtu mwenyewe ni mimi."

"Na mimi ukiniona nafunika kitu, mwambie baba yako," alisema Mama.

Nukta aliitika. Alisogea mbele, akaweka kichwa katikati ya viti vyao viwili, na Mama akaushika mkono wake. Baba akaweka gia. Gari likaondoka bila kusita, likaanza kuteremka kuelekea tambarare, na Bibi akaanza kusoma kwa sauti kila kibao kilichokuwa kando ya barabara: duka la dawa, fundi cherehani, punguza mwendo, mayai yanauzwa hapa. Hakuna aliyemwambia apumzike.