Nyuzi Zilizobaki Zimekazwa

Nilitoka nyumbani kwenda kununua uzi mmoja wa gitaa. Jua lilikuwa limekaribia mapaa ya nyumba. Mtoto nilimwacha na dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, ambaye alikuwa anamalizia kushona sare za shule.

Fundi redio alikuwa anafunga kibanda chake.

"Umekata tena, mama mdogo?"

"Umekatika wenyewe."

"Uzi haukatiki wenyewe. Unalegeza kila jioni, sivyo? Kama marehemu baba yako."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mzee yule alinimalizia nyuzi dukani kuliko bendi nzima! Ukimuuliza, eti gitaa nalo linahitaji kupumzika. Kwani limelima?" Akacheka peke yake. "Nisikilize. Uzi ukiukaza na kuulegeza kila siku, unachoka. Na gitaa lisilotulia kwenye sauti yake, utajifunzia wapi? Likaze, kisha liache."

Maneno yake yaliniingia. Fundi anajua vitu vyake, nikasema moyoni. Nikauweka uzi kwenye mfuko wa gauni, nikarudi haraka.

Baba yangu alikuwa mpiga gitaa, lakini hakupiga usiku hata mara moja. Bendi yake ikialikwa kwenye harusi ya usiku, yeye alibaki nyumbani. Wenzake wakambandika jina, Bwana Mchana. Kila siku, kabla jua halijazama, alizungusha masikio ya gitaa, vile vifundo sita vya kichwani, akalegeza nyuzi zote mpaka zikaning'inia kama kamba za kuanikia nguo. Alipokaribia kufa alisema gitaa ni la kitinda mimba wake. Yaani mimi.

Kaka zangu walinung'unika. Shangazi akaniuliza kama nitapiga huku nanyonyesha. Mimi ni mtu wa haya. Mtu akinikanyaga, ninayeomba radhi ni mimi. Lakini siku ile nilijibu.

"Nitapiga akiwa amelala."

Gitaa lilipoletwa kwangu, dada alilitazama muda mrefu. Kisha akamshika mwanangu, akamfunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani hataki mtoto apige kelele. Dada hana namna ya kueleza, kwa sababu dada hasemi. Masikio yake mazima, ulimi wake mzima, hospitali walisema hivyo. Marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba dada alipokuwa na miaka miwili alikuwa kasuku, anaongea mpaka na kuku. Asubuhi moja akaamka kimya. Mpaka leo.

Basi, miezi mitatu nilijifunza wimbo mmoja, ule ambao baba alipenda kuupiga akiwa peke yake. Nilikuwa nao kichwani tangu utotoni, ila vidole havikuujua. Vilivimba, vikapasuka, vikaota sugu. Kidole kidogo kilikataa kabisa kufika kwenye uzi wa sita. Na kila jioni nililegeza nyuzi, kwa kuwa ndivyo nilivyomwona baba akifanya.

Isipokuwa jioni ile.

Nilifunga uzi mpya, nikakaza zote sita, nikapiga kidogo. Gitaa likaitika vizuri kuliko siku zote. Nikafurahi. Nikaliegemeza ukutani chumbani karibu na kigoda changu, nikamchukua mtoto kumwogesha uani.

Jua likazama nikiwa nampaka sabuni.

Ndipo nikasikia.

Wimbo wa baba... Ulitoka chumbani kwangu. Taratibu, safi, bila kosa hata moja. Pale ninapokwama siku zote, ulipita kama maji.

Nikamzungushia mtoto taulo, nikaingia. Sebuleni dada alikuwa ameketi kwenye cherehani. Mguu wake umesimama juu ya pedali. Macho yake yako kwenye pazia la chumbani.

Kwa hiyo si dada.

Nikasogeza pazia.

Kuna mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, amenipa mgongo. Shati lake jeupe, limepigwa pasi. Gitaa liko mapajani mwake. Nikatazama vidole, nikatamani nisingetazama. Sauti ilitangulia, kidole kikafuata. Uzi ulilia kwanza, ndipo ukaguswa.

Chumba kilinuka maziwa. Maziwa yaliyochacha, kama shingo ya mtoto mchanga asiyeogeshwa.

"Kalibu," likasema lile jitu bila kugeuka.

Sauti ilikuwa ya mtoto wa kike. Mtoto wa miaka miwili hivi, ambaye ulimi wake bado haujaimudu ra.

Nyuma yangu mkasi ulianguka sakafuni.

Dada alikuwa amesimama penye pazia, mkono kooni. Machozi yanamtiririka. Alikuwa ameitambua sauti ile kabla mimi sijaelewa.

Ilikuwa yake.

"Baba yako alijifunza jioni moja tu," sauti ikaendelea. "Wewe miezi mitatu, na bado unakwaluza kama panya kwenye debe."

"Ulimpa nini?" nikanong'ona.

"Vidole."

"Na yeye akakupa nini?"

Likacheka. Kicheko cha mtoto anayetekenywa. Dada akageuzia uso ukutani.

"Kitu kidogo. Kitu ambacho mwenyewe alikuwa hajakizoea bado."

Mwanangu, pale kiunoni mwangu, akaitazama balbu iliyokuwa inawaka juu. Alikuwa na maneno matatu tu duniani. Mama, maji, na lile alilolijua wiki ile. Akanyoosha kidole.

"Taa!"

Mgongo ule ukatulia. Gitaa likanyamaza.

Kisha, kwa sauti ya mwanangu hasa, pamoja na kile kikohozi chake kidogo mwishoni, jitu likasema:

"Taa."

Mtoto akafungua mdomo tena.

Hewa ikatoka.

Neno halikutoka.

Akajaribu tena, ananitazama, anashangaa. Mdomo unachezacheza kama wa samaki. Hakuna kitu.

Wengine huniuliza kama niliogopa. Niliogopa. Lakini kuna hofu inayomkimbiza mtu, na kuna hofu inayomsukuma mbele. Mimi nilisukumwa.

"Lete gitaa langu," nikasema.

"Sema ndiyo tu. Kesho utaupiga wimbo wote, watu watalia."

"Sitaki vidole vyako. Nina vyangu."

"Vibovu."

"Vibovu, lakini vyangu! Na sauti ya mwanangu si ya kubadilishana. Umesikia? Wala hukubisha hodi!"

Nilikuwa sijawahi kupiga kelele namna ile. Majirani walisema baadaye walidhani nagombana na mume wangu, na mume wangu alikuwa safarini na lori lake, siku ya tisa.

Nikampa dada mtoto. Papo hapo akamfunika mdomo kwa kiganja, na safari hii nikaelewa kwa nini.

Nikashika shingo ya gitaa. Ilikuwa baridi na yenye unyevu, kama ulimi wa ng'ombe. Nikavuta. Jitu halikuachia. Nikavuta tena. Ndipo nikakumbuka mikono ya baba ilivyokuwa ikienda kichwani mwa gitaa kila jioni, haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango mvua ikija.

Nikakamata sikio la kwanza, nikazungusha.

Uzi mwembamba ukalegea.

"Acha," likasema. Sauti ya mtoto ilikuwa imeshuka, kama redio inayoishiwa betri.

Uzi wa pili. "Acha, we kitinda mimba..." Sasa ilikuwa sauti ya msichana.

Wa tatu. Sauti ya mwanamke ambaye simjui, akiniomba.

Wa nne. Sauti mbili kwa pamoja.

Wa tano. Mngurumo tu, mpaka kioo cha dirisha kikatetema.

Ukabaki mmoja. Ule mnene.

"Mwanangu."

Mkono wangu ukaganda.

Ilikuwa sauti ya baba. Baba mwenyewe, na ule uchovu wake wa jioni.

"Huo usiulegeze, mwanangu. Nimebaki kwenye huo tu. Wimbo hatujaumaliza."

Hapo nililia. Miezi mitano nilikuwa sijaisikia sauti ile, na Mungu anajua nilivyoitamani. Kidole kimoja cha jitu kikasogea, kikanigusa kiganjani, polepole... kama baba alivyokuwa akinigusa kuniamsha asubuhi.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba."

"Dada yuko hapa. Amesimama hapa, baba. Muombe radhi."

Kile kidole kikaondoka kiganjani mwangu.

Dada alikuwa ameacha kulia. Anasubiri. Miaka thelathini na moja alikuwa amesubiri.

"Nilitaka tu kupiga vizuri," baba akasema.

Basi.

Nikazungusha sikio la sita mpaka uzi ukaning'inia.

Gitaa likaniangukia kifuani kwa uzito wake wote, nikaenda nalo chini. Kigoda kilikuwa kitupu. Harufu ya maziwa ikabaki kidogo, kisha nayo ikaondoka.

Dada akaondoa kiganja chake.

"Taa," akasema mwanangu.

Tulimkumbatia wote wawili, akakasirika, akalia kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Shangazi alipopata habari alikuja na kiberiti.

"Choma! Hiyo si mali, hiyo ni mkosi."

"Ni urithi wangu, shangazi."

"Utaendelea kupiga? Wewe?"

"Nitapiga mchana."

Kama baba alijua anauza nini, au aliahidi kwanza akaelewa baadaye, sijui. Kama alilegeza nyuzi kwa kutulinda au kwa kukwepa kuisikia sauti ya binti yake kila jioni, nalo sijui. Dada hawezi kuniambia. Ila nikikaa kujifunza huleta cherehani yake chumbani, na mguu wake hunishikia mapigo kwenye pedali. Nikienda mbio, anapunguza. Ni mwalimu mkali. Nimefika nusu ya wimbo.

Mwanangu sasa anakaribia miaka mitatu, na mdomo wake haulali. Anaongea mpaka na viatu.

Jana, saa nane mchana, nilikaa kitandani kukaza nyuzi. Mtoto akaenda kwenye kigoda, kilichokuwa kitupu, akaweka mikono kiunoni.

"Toka," akasema. "Hapo pangu."

Cherehani ikasimama.

"Unamwambia nani, mama?" nikamuuliza.

"Huyo."

Akasubiri kidogo, kisha akapanda, akakaa, miguu inaning'inia.

"Ameondoka?"

"Hapana." Akanyoosha kidole kwenye ukingo wa kitanda, karibu kabisa na goti langu. "Amesogea."

Sikugeuka kutazama. Dada hakugeuka. Nilisikia godoro likizama kidogo upande ule.

"Basi asikilize," nikasema. "Lakini akae kimya."

Dada akakanyaga pedali. Nikaanza wimbo upya, nikakosea palepale ninapokosea siku zote, nikaendelea.