Maji ya Mama Ganza

Chafya tatu zilipasuka mfululizo nyuma yake, na Dative akajua kabla hajageuka. Kigali nzima ni mwanamume mmoja tu anayepiga chafya tatu kila akinusa dawa, naye ndiye mume ambaye yeye Dative alimkimbia wiki nne zilizopita.

Duka la dawa mkabala na soko la Kimironko lilijaa watu. Dative alikaza kitenge cha njano kilichomshika mwanawe Ganza mgongoni, akakikunja kikaratasi cha muuguzi hadi kikawa kama punje ya harage. Angetoka mbio, lakini zamu yake ilikuwa imefika.

"Leta karatasi, mama." Msichana wa dukani aliikunjua, akaisoma kama anayenadi ndizi. "Jeli ya kulainisha ukeni! Ya maji au ya mafuta?"

"Ya maji," Dative alinong'ona.

"Sikusikii, mama!"

"Kasema ya maji," ilijibu sauti ya kiume nyuma. "Na mimi nimefuata hiyo hiyo."

Foleni nzima iligeuka kuwatazama. Dative aliona aibu ikimpanda kutoka kifuani hadi kwenye masikio. Alilipa bila kuhesabu chenji, akatoka ameinamisha kichwa. Narcisse, mumewe, alimfuata hadi kivulini kwa muuza parachichi, shati lake jeupe limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Nani kakwambia habari zangu?" Dative alimgeukia.

"Hakuna. Nilikwenda kliniki mwenyewe. Nimekaa benchi moja na wajawazito kumi na mmoja, Mama Ganza. Walinicheka hadi mmoja akashikwa na uchungu."

Kicheko kilimjia Dative, akakimeza.

Kwao, maji yanayomtoka mwanamke akiwa na mumewe chumbani ni heshima yake. Shangazi humfunza binti kabla ya ndoa, na mwanamume husifiwa kwa kuyaleta. Lakini tangu Ganza azaliwe, miezi mitano sasa, mwili wa Dative ulikuwa mkavu kama kigae, na kila walipojaribu ilikuwa pilipili juu ya kidonda. Shangazi Spesiyoza alimletea majani ya kunywa na majani ya kunawia. Yaliunguza zaidi. Ndipo likamtoka shangazi neno lile: mukagatare. Mwanamke asiye na maji, mke wa kurudishwa. Wiki hiyo hiyo Narcisse alichukua mto wake, akahamia kwenye kochi. Dative hakungoja kurudishwa. Alijirudisha mwenyewe kwa wazazi wake, Remera.

"Ulinipa mgongo kama vile mimi ni mzoga," alisema sasa, macho chini.

"Nilidhani ubovu ni wangu! Kila nikikugusa unakunja uso. Kaka zangu wanavyojisifu, nikasema basi, mikono yangu imekufa. Nilikwenda kochini kuficha aibu yangu mimi."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukupokea simu? Mara thelathini na mbili!"

"Nilijua unapiga kuniacha."

"Nilikuwa napiga kukwambia kochi linanivunja kiuno, mpenzi."

Safari hii kicheko kilimponyoka, na machozi yakafuata.

"Muuguzi anasema ni kunyonyesha," alisema akijifuta kwa pindo la kitenge. "Homoni zinashuka, mwili unakauka. Wengi hupata, hawasemi tu. Majani nitupe. Tutumie jeli, twende polepole, na maumivu yasipoisha nirudi kwa daktari, kuna krimu yake."

"Kwa hiyo si kwamba hunitaki?"

"Nakutaka, we mpumbavu."

Narcisse alipiga chafya nyingine, pengine ya furaha. "Basi Jumamosi naja na pombe kukuchukua."

Uso wa Dative ulizima. Mke aliyerudi kwao harudi hivi hivi. Mume huja na pombe, akae mbele ya wazee, aulizwe kosa lake, alitaje.

"Baba atakuuliza, Narcisse. Utasema nini?"

"Kwamba kosa ni langu. Nukta."

"Watadhani ulinipiga. Kaka zangu hawatakusalimia tena."

"Wadhani. Hilo jingine halitatoka mdomoni mwangu, hata wanichinje."

Dative alimtazama: shati lililokunjamana, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alikuwa tayari kuvaa aibu ya mume anayepiga mke ili kuificha ya Dative. Ganza alijinyoosha mgongoni, akaanza kulilia ziwa. Muuza parachichi alijifanya hasikii, Dative akaacha kujali kama anasikia.

"Utasema ulinyamaza, maana ulinyamaza kweli," alimwambia. "Na kabla hujafika, nitamketisha shangazi Spesiyoza, nimwambie kwa kinywa changu kwamba nilikauka kwa kumnyonyesha mwanao, na kwamba lile neno lake asimwite tena mwanamke yeyote. Nakuahidi, Narcisse. Nitalisema kwa sauti."