Bipu ya Kariuki

Simu ya nyumbani kwa Kwamboka ililia mara moja, ikanyamaza. Akatabasamu, akaendelea kukunja sare zake za unesi. Ila sebule ilinuka udi, na pale Cedar Hill, Texas, hakuna jirani aliyefukiza udi.

Mkenya humtoi kwenye kubipu, hata umpeleke Marekani. Mumewe Kariuki, fundi wa mashine za hospitali, alikuwa Kuwait kikazi, Machi ile ya 2003 vita vikinukia ng'ambo ya mpaka. Wakapatana: kila adhuhuri ya Texas atabipu mara moja, maana yake niko salama, sijatoka hotelini. Bipu zilikuja kila siku. Kwamboka hakupokea; nani hupokea bipu?

"Harufu hii inatoka wapi?" alinong'ona Mama Zoé, jirani yake Mkongo, aliyekuja kumjulia hali.

Wakavuta sofa. Waya wa simu ulilala kwenye zulia, umechomoka ukutani tangu Jumatatu walipohamisha viti. Na leo ilikuwa Alhamisi.

"Sasa nani amekuwa akibipu?" Kwamboka alisema.

"Yesu. Rudisha waya, dada."

Akaurudisha. Simu ikalia papo hapo, ikaendelea kulia.

"Mbona hushiki simu? Siku tatu napiga," alisema Kariuki. "Ving'ora vinalia, tumekatazwa kutoka." Akashusha sauti. "Uko wapi saa hii?"

"Nyumbani. Kwani niwe wapi?"

"Usinitanie, Kwamboka. Uko nje ya mlango wangu. Unabisha, unanukia udi, unasema gari limefika, tutoroke."

Kwamboka akaukandamiza mkono wa simu sikioni, na nyuma ya pumzi za mumewe, nyuma ya ving'ora vilivyopanda na kushuka, akasikia kicheko chake mwenyewe, kisha sauti yake mwenyewe, laini, ya kitandani, ikimwita Kario, jina ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua, ikimsihi afungue, na komeo likaanza kukwaruza taratibu.

"Usifungue! Si mimi, usifungue!"

Hakujua kwamba alikuwa akirudi nyuma, akiuvuta waya. Ukachomoka ukutani. Sauti ikakatika.

Wote wawili wakabaki wima.

Simu ikalia mara moja, ikanyamaza.

"Mungu asifiwe," alisema Mama Zoé, machozi yakimtoka. "Si ndiyo alama yenu? Iko muzima."

Kwamboka alikuwa akiutazama waya, bado umelala kwenye zulia.