Kengele ya Moto ya Shemeji Dewey

Kila asubuhi Odelle Griggs alipika uji mzito wa mahindi, akakaanga mayai, akawalisha wajukuu wake wawili. Kisha aliwapakia kwenye gari lake kuukuu, akaenda nao kwenye nyumba aliyoinunua karibu na kanisa la Wabaptisti. Zamani ilikuwa duka la vitambaa. Sasa Odelle alitaka iwe nyumba ya kulelea watoto.

Kwa miaka kumi na tisa Odelle alikata mapaja ya kuku kiwandani. Mwezi wa tano aliacha kazi. Alikuwa amechoka kuku, na kuku nao nadhani walikuwa wamemchoka. Wazazi wa mji wao mdogo, Mayhaw Springs, walikuwa wameshaandikisha watoto. Pamoja na wajukuu zake, watakuwa kumi na wawili. Nyumba ilitakiwa ifunguliwe Jumatatu ambayo shule zinafunguliwa. Isipofunguliwa siku hiyo, wazazi watapeleka watoto mji wa jirani, na hawatarudi tena. Odelle alilijua hilo, na usingizi ulikuwa umemhama.

Kazi iliyobaki ilikuwa umeme, pamoja na kengele ya moto. Watoto wadogo hawawezi kulala mahali pasipo na kengele ya moto. Jimbo la Florida haliruhusu.

"Inabidi nitafute fundi," Odelle alisema.

"Fundi wa nini? Kwani mimi nimekufa?" akauliza shemeji yake.

Shemeji huyu aliitwa Dewey. Alikuwa mdogo wake Carlton, mume wa Odelle. Carlton ni dereva wa malori ya masafa marefu, na wakati huo alikuwa njiani. Dewey alikuwa mtu mwema, mwenye kitambi mbele na maneno mbele zaidi. Siku moja aliwahi kutengeneza redio ya trekta ikaimba. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu kuhusu umeme.

"Una leseni, shemeji?"

"Leseni!" Dewey akatoa pochi nene. "Hii ya kuendesha gari. Hii ya kuvua samaki. Hii ya kuwinda paa. Na hii hapa ya biashara, nimepewa na mji wenyewe. Tazama muhuri! Unataka leseni ngapi, shemeji?"

Odelle akautazama muhuri, akatulia. Watu wengi hutulia wakiona muhuri. Hawasomi kilichoandikwa juu yake.

"Ila nenda ofisi ya kaunti ukachukue kibali cha kufunga umeme," Dewey akasema. "Andika jina lako. Waambie kazi utaifanya mwenyewe."

"Lakini siifanyi mimi."

"Hiyo ni karatasi tu, dada. Unataka kufungua au hutaki?"

Odelle alitaka kufungua. Akaenda, akaandika, akasaini.

Dewey akafanya kazi siku nne, akipiga mluzi nyimbo za kanisani. Alipomaliza alifuta jasho, akamwita shemeji yake ashuhudie. Odelle akawasha taa ya sebuleni. Ikawaka. Akawasha ya jikoni. Ikawaka. Akawasha taa ya choo.

Kengele ya moto ikalia mji mzima.

Pale Mayhaw Springs zimamoto ni watu wa kujitolea. Ni kinyozi, ni muuza mbolea, ni mchungaji. Kengele ya moto ikilia, redio huwaita kiunoni, na kila mtu anaacha alichoshika anakimbia. Siku hiyo kinyozi alifika na mkasi mkononi. Nyuma yake alifika mteja wake, amenyolewa upande mmoja, anataka kujua upande wa pili utanyolewa lini.

"Moto uko wapi?" akauliza mchungaji.

"Hakuna moto, mchungaji," Odelle akasema kwa aibu. "Nimewasha taa ya choo."

Dewey akapanda ngazi, akashuka, akasema tayari. Kesho yake mjukuu mmoja akaenda choo. Zimamoto wakaja mbio. Siku ya tatu walikuja wakitembea. Siku ya nne hawakuja. Kinyozi alipiga simu.

"Odelle, ni choo tena?"

"Ni choo."

"Haya, nisalimie watoto."

Dewey hakuona tatizo. "Kengele yangu ni kali. Hao watu watulie, wanywe maji kidogo," alisema.

Lakini Odelle alikaa chini kwenye kiti kidogo cha mtoto, akaogopa kweli. Aliwaza: siku moto ukiwa wa kweli, nani atakuja?

Zikiwa zimebaki siku kumi na tatu kabla ya kufungua, mkaguzi wa majengo akafika. Aliitwa Bwana Truitt, mtu mrefu, mpole, asiyecheka. Alikuwa na karatasi ya kibali mkononi.

"Hapa imeandikwa kazi ameifanya Odelle Griggs mwenyewe. Ni wewe, mama?"

Odelle akamtazama Dewey. Dewey akatazama dari.

"Ni mimi," Odelle akasema.

"Hongera sana. Basi nionyeshe." Bwana Truitt akafungua sanduku la umeme ukutani. "Hii swichi kubwa ni ya nini?"

"Hiyo ni ya... umeme."

"Sawa. Na hii?"

"Hiyo nayo ni ya umeme. Ila mdogo kidogo."

"Na huu waya wa kijani, uliufungia nini?"

Odelle alifikiri sana. "Kupendezesha," akasema.

Dewey akafumba macho. Bwana Truitt akafunga sanduku polepole. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Odelle ilikuwa imefika mwisho.

"Nimekudanganya, bwana," akasema. "Kazi ameifanya shemeji yangu huyu. Mimi najua kukata kuku tu."

"Ana leseni?"

Dewey akaanza kutoa pochi. Alipofika kwenye ile ya kuvua samaki, Bwana Truitt alinyoosha mkono kumzuia.

"Ndugu yangu, hii ya mji inaonyesha umelipia kufanya biashara. Haisemi kwamba unajua umeme. Leseni ya mkandarasi wa umeme unaipata kwa uzoefu na mtihani. Na wewe, mama, mtu akikuambia uchukue kibali kwa jina lako ili kazi afanye yeye, mkimbie. Sheria inamruhusu mtu kufunga umeme wa jengo lake dogo, kwa mkono wake mwenyewe. Jengo ni lako. Mkono haukuwa wako. Nyumba ikiungua, karatasi inasema fundi ni wewe."

"Sasa nitafungua?"

"Kwa hali hii, hapana."

Odelle akalia pale pale. Dewey akatoka nje na pochi yake.

"Nani ananifaa, bwana?" Odelle akauliza.

"Mimi mkaguzi, siruhusiwi kukuchagulia. Ila ukimpata mtu, mwombe namba ya leseni. Kisha uliza kwenye bodi ya jimbo, kwa simu au kwenye mtandao. Watakuambia kama ni hai, na ni ya kazi gani."

Mchana huo Odelle aliona gari jeupe mbele ya duka la mbolea. Ubavuni paliandikwa jina la kampuni ya umeme, na chini yake namba ya leseni. Mwenye gari alikuwa mama mmoja wa makamo, Rosalind Beech, anakula kambare wa kukaanga na mkate. Odelle akanakili namba. Akapiga simu kwenye bodi, huku Rosalind anamtazama anatafuna.

"Samahani, mama," Odelle akasema alipomaliza. "Nilikuwa nakuchunguza."

"Uzuri wangu au namba yangu?"

"Namba."

"Wenzio wangefanya hivyo, nisingekuwa nahangaika kufumua kazi za watu. Umeambiwaje?"

"Leseni ni hai. Ya umeme."

"Basi twende."

Dewey alikuwa ameketi kizingitini. "Mwanamke ndiye atanifundisha mimi nyaya?" akanung'unika.

"Shika ngazi, baba, usije ukaniangusha," Rosalind akasema, akapanda.

Akafungua ubao wa dari. Akachungulia ndani. Kisha akamwita Dewey apande naye aone. Dewey akapanda. Waya ulikuwa umeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa kwa utepe wa gundi, ule wa kufungia zawadi. Mbao zilizokuwa karibu zilikuwa nyeusi. Zilikuwa zimeanza kuungua zenyewe, kidogo kidogo, bila mtu kujua.

"Chini ya hapa mtaweka nini?" Rosalind akauliza.

"Vitanda vya watoto," Odelle akajibu kutoka chini.

Dewey alishuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaketi sakafuni. "Shemeji," akasema, "nilitaka kukusaidia tu. Haki ya Mungu."

"Najua," Odelle akasema. Alikuwa na hasira, na alimhurumia vilevile.

Rosalind akachukua kibali kipya kwa jina la kampuni yake. Nyaya akazifumua zote. Ilipofika zamu ya kengele akaja na kijana wake wa kazi, na Odelle akasimama mlangoni.

"Huyu naye ana karatasi gani?" akauliza.

Rosalind akacheka. "Umeshakuwa mkaguzi! Onyesha, mwanangu." Kijana akatoa kitambulisho chenye picha. "Polisi wamemchunguza, na amesomea kazi hii. Anayekufungia kengele anajua milango yako na namba zako za siri. Usimkabidhi mpita njia. Na ujue leseni hazilingani. Kuna mtu ana leseni ya kengele za wezi tu. Huyo hana ruhusa kugusa kengele ya moto, hata akiapa."

"Na mimi?" Dewey akauliza kutoka pembeni. "Mtu wa miaka hamsini na nane anaweza kujifunza?"

"Chini ya mwenye leseni, anaweza. Miaka kadhaa, halafu mtihani."

"Wa kuandika?"

"Wa kuandika."

Dewey akaitazama ngazi. "Naanza na ngazi," akasema, akaibeba.

Ijumaa, siku tatu kabla ya Jumatatu ile, Bwana Truitt alirudi. Akawasha taa ya choo mwenyewe. Taa ikawaka, kimya. Akapuliza moshi wa majaribio kwenye kitambua moshi. Kengele ikalia. Akasaini karatasi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo.

Odelle alifungua nyumba yake Jumatatu. Kila wiki watoto walifanya mazoezi ya kutoka nje wakishikana mikono, nao waliona ni mchezo.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumatano, watoto walikuwa wamelala mchana. Katika chumba cha nyuma, mashine ya kukaushia nguo ilikuwa inazunguka na blanketi zao. Uchafu wa nyuzi za nguo uliojikusanya ndani yake ukashika moto.

Kengele ikalia.

Odelle hakuuliza kama ni choo. Aliinua wawili mikononi, wengine wakafuatana nyuma yake na msaidizi aliyemwajiri hadi uani, peku, wanapikicha macho. Kabla hajamaliza kuwahesabu, zimamoto walikuwa wamefika mbio na kuvuta mpira wa maji. Chumba cha nyuma kiliungua mlango na dari. Moto haukufika kwenye vitanda.

Odelle akahesabu kwa sauti, akimgusa kila mtoto kichwani, mpaka kumi na wawili. Hapo ndipo alipoketi kwenye majani, wajukuu wakamkalia mapajani.

Gari jeupe likasimama kando ya barabara. Dewey akashuka kabla halijazimwa, akaja mbio na kitambi chake mbele ya Rosalind. Akasimama mbele ya watoto, akaanza kuwahesabu kwa kidole. Akafika kumi na wawili, akafuta macho, akaanza tena.