Nilivyoishtaki Familia Iliyonipokea Doha

"Rael, teremka. Wewe husafiri."

Hivyo ndivyo Mwalimu Mwaura aliniambia. Jumatano saa tatu asubuhi, basi la kwaya limeshawashwa nje ya kanisa, begi langu liko ndani, na watu karibu thelathini wananiangalia.

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Akanionyesha simu yake. Ujumbe ulikuwa wa Anti Virginia, mwenye nyumba niliyokuwa naishi: "Nimeondoa ruhusa yangu. Rael asisafiri. Tafadhali usimwambie zaidi."

Nikateremka. Basi likaondoka kwenda uwanja wa ndege na mimi nikabaki pale na begi langu kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Sasa kabla mnirukie kwa komenti, someni mpaka mwisho. Mkishamaliza mnitukane vile mnataka.

Mimi ni msichana wa Kapsabet, miaka kumi na saba. Nilikuja Doha Septemba kwa programu ya kubadilishana wanafunzi. Unasoma shule ya hapa mwaka mmoja, na unakaa na familia iliyokubali kukupokea. Yangu ilikuwa ya Wakenya, huku Abu Hamour. Anti Virginia ni nesi. Binti yake Michelle amenizidi mwaka mmoja tu, na tulikuwa tunalala chumba kimoja.

Hiyo programu ina sheria za safari, jameni! Huwezi kulala nje bila barua. Huwezi kuvuka mpaka bila saini tatu: ya mzazi wako wa Kenya, ya familia unayokaa nayo, na ya msimamizi wetu, Bwana Githinji. Saini moja ikitoka, safari imekufa.

Na mimi sikuwa naenda Muscat, huko Oman, kuimba tu. Baba yangu ni mlinzi huko. Aliondoka nyumbani nikiwa darasa la tano, na tangu hapo sijamwona, miaka sita sasa. Mwalimu Mwaura alikuwa ameniahidi kwamba kati ya mazoezi na tamasha nitapewa nusu saa nikae na baba pale mapokezi ya hoteli. Nilikuwa nimeshapanga hata neno la kwanza nitakalomwambia.

Halafu Anti Virginia anaondoa saini asubuhi ya safari...

Michelle ndiye alikuja kunichukua na gari. Njia nzima hakuniangalia usoni. Nilipofika nyumbani nikamuuliza Anti kwa nini. Akasema kuna mambo ya karatasi, nitulie, yataisha. Akaingia jikoni akaanza kukanda unga. Mtu amekuvunja moyo, halafu anakwambia utulie, kisha anaenda kupika chapati!

Nikampigia mama Kapsabet. Akasema, "Vumilia tu, mama," akakata simu haraka. Hata yeye.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilipopita karibu na mlango wa nyuma nikamsikia Michelle anaongea kwa simu, sauti ya chini: "Hajui kitu. Yaani analia, na mimi najizuia nisicheke."

Hapo ndipo nilibadilika.

Sikumuuliza. Sikugombana. Sisi watu wa kwetu tukikasirika sana tunanyamaza, na mtu mwenye akili akiona tumenyamaza anahama. Nikaenda bafuni, nikafunga mlango, nikafungua kile kitabu cha sheria za programu ambacho sijawahi kukisoma tangu nipewe. Nikakisoma chote, nimekaa juu ya ndoo.

Wee! Kumbe Anti Virginia alikuwa amevunja karibu kila kitu. Desemba alitupeleka kulala kwa mahema kule ufukweni Sealine, birthday ya Michelle, na hakuna barua aliandika. Michelle alikuwa ananiendesha mpaka Al Sadd kununua nguo, na sheria inasema mwanafunzi asibebwe na dereva wa chini ya miaka ishirini na mmoja. Mara mbili niliachwa nirudi peke yangu na teksi. Hayo yote alikuwa anafanya ili nisijione mfungwa. Nililijua hilo. Nikaliandika hata hivyo.

Niliandika barua kali. Tarehe, mahali, picha za mahema nikaziambatisha. Nikasoma kitabu tena nikaona sheria nyingine, kwamba mzazi wa mwanafunzi haruhusiwi kumtembelea bila barua ya ofisi. Hiyo haikunihusu, lakini niliitaja pia, nilitaka Githinji ajue nimesoma. Nikamalizia hivi: "Naomba sheria zote zifuatwe, bila kumhurumia mtu yeyote."

Nilibonyeza kutuma huku nikisikia Anti akiimba jikoni. Nikasikia raha. Sitawadanganya, ilikuwa raha tamu.

Alhamisi mchana Githinji akafika. Si mtu mbaya, ni mtu wa karatasi. Akamwambia Anti Virginia kwamba kuna mashtaka, na mpaka yachunguzwe mimi nahamishwa leo leo. Nitakaa kwa mama mwingine Mkenya huko Muaither, na sitatoka nje ya nyumba hiyo mpaka Jumapili ofisi ikifunguliwa, nihojiwe.

Michelle aliniangalia kama hanijui. Anti alikuwa bado na yunifomu ya kazi. Akanishika mkono.

"Rael, mwombe akuache mpaka kesho. Kesho tu. Utaelewa."

Githinji akanigeukia. Niliona kabisa kwamba nikisema neno moja angesubiri.

"Wacha sheria ifuatwe," nikasema.

Nikaingia kwa gari. Sikuangalia nyuma, na nilikuwa natabasamu.

Huko Muaither nikapokewa na Carolyne, mwanamke wa kazi za kompyuta, mpole, anaishi peke yake. Alinipa chumba cha juu, akanipikia vizuri. Lakini niliona ananichunga. Kila neno alilosema alilipima kwanza. Sikujali. Nililala usingizi mzuri sana.

Ijumaa asubuhi simu ikaita. Namba ya Qatar ambayo siijui.

"Rael. Niko Abu Hamour, kwa Anti yako. Uko wapi wewe?"

Ilikuwa sauti ya baba.

Wasomaji wangu, nilikaa chini sakafuni.

Nikaelezwa yote kwa dakika mbili. Baba alikuwa amepata likizo ya siku mbili ghafla, Jumanne jioni. Badala ya mimi kwenda kumwona nusu saa kwa mapokezi ya hoteli, angekuja yeye Doha tukae Ijumaa nzima mpaka Jumamosi asubuhi. Anti Virginia ndiye alimtafutia hiyo njia. Barua ya ofisi hakuomba, kwa sababu Githinji angesema wangoje wiki mbili na likizo ingekuwa imeisha. Akaamua kuvunja sheria moja zaidi kwa ajili yangu. Na kwa sababu sisi Wakenya hatuwezi kufanya jambo zuri bila saprais, wakakubaliana wote, mpaka mama yangu, kwamba nisiambiwe. Michelle alikuwa amenunua maputo.

Nilishuka ngazi mbio. Nikamwambia Carolyne baba yangu anakuja na teksi, tafadhali afungue geti, hata nione mkono wake tu.

Carolyne alikuwa karibu kulia.

"Nimempigia Githinji mara tano, haipokelewi. Leo ni Ijumaa, ofisi zote zimefungwa. Na nikimfungulia bila barua... Rael, Jumapili si utaniandikia barua ya mashtaka na mimi?"

Ningeapa, lakini ningeapa kwa kitu gani? Alikuwa ameshajua mimi ni mtu wa aina gani.

Nikarudi juu, nikasimama dirishani.

Kukaja mzee mmoja ng'ambo ya barabara, amevaa koti kwenye jua lile, nywele nyeupe upande mmoja. Nikadhani ni dereva wa lori la maji. Nikaendelea kumtafuta baba yangu.

Yule mzee akaweka simu sikioni. Simu yangu ikaita.

"Kuna mtu dirishani. Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

Akaniambia nimekuwa mrefu, nimechukua urefu wa nyanya yangu. Akaniambia nisilie, amekuja na ameniona, hiyo inatosha. Haikutosha na sote tulijua. Alisimama pale mpaka koti likalowa jasho, na tukaongea mambo ya shule na ng'ombe na magoti yake. Ndege yake ilikuwa inaondoka Jumamosi asubuhi.

Kabla aende, sauti ikabadilika.

"Nimemuuliza Virginia ni nani alipeleka maneno ofisini. Amekataa kunitajia. Anasema hajui."

Anti Virginia alikuwa anajua. Githinji alimsomea barua yangu mbele yangu, kwa sauti, mpaka jina langu la mwisho.

"Huyo mtu," baba akasema, "mimi simjui. Lakini Mungu anamjua. Atamlipa."

Na mimi, nimeshika pazia, nikasema, "Amina."

Anti Virginia alitolewa kwa programu. Hataruhusiwa tena kupokea mwanafunzi. Nilimwandikia kuomba msamaha, akajibu kwamba amenisamehe na nisome kwa bidii. Michelle hajajibu mpaka leo, na simlaumu.

Hasira hasara, tumeliimba hilo neno tangu chekechea na bado hatusikii. Mimi nitawaambia nilichojifunza kwa maneno yangu: kuuliza kungenichukua dakika moja. Ningesimama mlango wa jikoni niseme, "Anti, kwa nini Michelle anacheka?" Uso wake ungeniambia kila kitu. Badala yake nilienda kutafuta sheria za kumpiga nazo mtu aliyekuwa anazivunja kwa sababu ananipenda. Ukitaka kulipiza kisasi kwa mtu aliyekulisha, kwanza muulize swali. Ukiogopa kumuuliza, basi ujue humchukii, una uchungu tu.

Baba hupenda kusoma simulizi za hii page akiwa zamu getini. Mara nyingine hunitumia zile zilizomfurahisha.

Baba, kama umefika hapa, Virginia hakukudanganya kwa ubaya. Barua niliandika mimi.