Medali Haikusema Amekufa

— Mama, hii medali inasema bwana yako alikuwa shujaa. Haisemi kama amekufa.

Padri Herménégilde aliirudisha medali juu ya meza, taratibu. Geneviève akaitazama kwa hasira. Miaka ishirini na moja sasa! Mume wake wa ujana, Honoré Mugisho, alichukuliwa vitani na jeshi la Wabelgiji. Meli iliyowabeba ikazama mwaka wa arobaini na tatu, na kilichorudi Bukavu ni medali na karatasi iliyoandikwa: amepotelea baharini. Kupotea, si kufa.

— Sasa nifanye nini, Padri?

— Mama yake aseme. Akikubali kama mutoto wake amekufa, mi nitawafungisha ndoa hata wiki ijayo.

Astère, karani wa posta aliyetaka kumwoa, alikuwa ameketi kando ya Geneviève. Serikali ilikuwa inampeleka Kitega mwisho wa mwezi ule, na miaka mitatu alikuwa amemngoja mwanamke huyu bila kunung'unika. Walipofika kwenye ngazi za kanisa akamwambia:

— Geneviève, mi siwezi kukuiba. Lakini siwezi kwenda kukaa Kitega nikingoja tena.

Maneno yale yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya haki.

Nyumbani Buyenzi, mtaa waliohamia kutoka Bukavu baada ya vita, mama mkwe wake, bibi Cirimwami, alimpokea kwa mkono ulionyooshwa.

— We ulipeleka wapi medali ya mutoto wangu?

— Kwa padri, Mama. Anataka useme kama Honoré alikufa.

— Apana. Maiti iko wapi? Nani alimuzika? Matanga hatukukaa, nywele sikukunyoa. We ungali muke wake.

Hapo bibi alikuwa na hoja. Kwao mjane hunyolewa na mama wa marehemu, matanga yakaisha, ndipo awe huru kuolewa. Na nani angekalia matanga ya mtu asiye na kaburi? Basi Geneviève, tangu ana miaka kumi na minane, alibaki mke wa mtu asiyekuwepo, akimpikia mama mkwe na kumtazama kila Jumapili akiisugua medali kwa majivu na ndimu. Mwenzangu, wewe ungeweza?

— Mama, nimechoka. Na we unajua kama amekufa. Unajua.

Bibi aliichukua medali mkononi mwa Geneviève, akaigeuza.

— Nilijua siku ileile muzungu alinipa hiyo kitu. Lakini nikisema, nakunyoa, unaenda kwako. Mi sina mutoto mwingine. Mi nitazikwa na nani?

Miaka yote Geneviève alidhani anashindana na marehemu, kumbe ni na woga wa bibi wa kubaki peke yake! Aliona aibu, akamwonea bibi huruma, na hasira nayo haikuisha.

Jioni Astère alikuja kujua jibu. Geneviève hakumpa hata kiti.

— Astère, nakupenda. Lakini mi siendi Kitega bila huyu mama. Kama haiwezekani, enda salama.

Astère akamgeukia bibi.

— Mama, nyumba wananipa iko na vyumba viwili. Kile cha dirisha kubwa nilikupangia we. Huyu mukamwana wako hakuniuliza, ananiona mi mutu mubaya.

— Kitega kuna baridi, — bibi akanung'unika.

— Kuna baridi sana. Utafunika mablanketi mawili.

Bibi alicheka kidogo, kisha uso ukambadilika. Akaomba maji na wembe. Geneviève akapiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa. Nywele za kwanza zilipoanguka, bibi aliita jina la mwanawe, akatoa kilio alichokizuia tangu vita. Geneviève akalia naye, maana yeye pia alikuwa hajapata kumlilia Honoré.

Astère alivua kofia, akatoka nje. Jirani yao, Mama Sijaona, alikuwa amekwisha fika mlangoni.

— Kuna nini humo ndani?

— Kuna msiba, Mama Sijaona. Waambie majirani waje na mikeka. Bwana wa Geneviève amekufa.

— Masikini. Amekufa lini?

— Leo.