Maagizo Mawili kwa Mashine Moja

Nyumbani kwetu Katubuka, mtoto hufundishwa kusema "naam" kabla hata hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Ukiitwa, naam. Ukitumwa, naam. Bibi yangu Mwanaima ni mtu wa Ujiji, na kwake yeye mtoto anayetumwa akaanza "lakini" ameshaharibika.

Basi mimi Zuleha, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa bingwa wa naam. Bibi akinituma chumvi, naam. Kabla sijafika mlangoni Mama akisema nioshe vyombo kwanza, naam. Halafu nafuata agizo la mwisho, lile la kwanza naliacha lipotee lenyewe. Bibi akija kuuliza chumvi iko wapi, natazama vidole vyangu vya miguu. Nilijiona mjanja kweli.

Kila Alhamisi baada ya shule nilikwenda Gungu, kwenye ofisi ya kutafuta ndugu. Ilikuwa miaka ile ya vita ng'ambo ya ziwa, watu wakivuka kutoka Kongo kwa maboti, wakishuka ufukweni bila hata kandambili. Wengi walikuwa wamepotezana njiani. Ofisi hiyo ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, ubao wa matangazo nje, na kompyuta moja iliyovuma kama nyuki. Mjomba Gharib, kaka wa mama yangu, ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta hiyo. Mimi nilikuja kwa sababu ya udadisi tu. Nilitaka kujua jinsi kitu kisicho na macho kinavyoweza kusoma majina.

"Hakisomi," Mjomba aliniambia siku ya kwanza. "Kinalinganisha tu. Sogea uone."

Ndani ya kompyuta kulikuwa na orodha mbili. Ya kwanza iliitwa WALIOFIKA: watu wote walioandikishwa ufukweni. Ya pili iliitwa WATAFUTWA: watu ambao ndugu zao wamekuja kuwaulizia. Mjomba alikuwa ametunga programu yake mwenyewe ya kuzilinganisha. Unaandika LINGANISHA, halafu majina ya orodha zote mbili, halafu mwishoni unaweka alama ya mkwaju na agizo lako. Ukiandika /SAWA, inakupa majina yaliyomo kwenye orodha zote mbili, yaani watu waliokuwa wakitafutwa na sasa wamefika. Ukiandika /TOFAUTI, inakupa wanaotafutwa ambao bado hawajafika. Nilikaa wiki sita nikimtazama, na wiki ya saba akaniachia kiti.

Rafiki yangu Agape alikuwa anaujua ubao ule kuliko mtu yeyote. Tulikaa dawati moja shuleni. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Baraka pamoja na mama yake mkubwa, Mama Leonia, lakini mama yake mzazi, Regina, alibaki nyuma katika vurugu za kupanda boti. Kila Alhamisi saa kumi Agape alisimama mbele ya ubao, akapitisha kidole kwenye kila jina, akarudi nyumbani. Alhamisi moja, tukiwa shuleni, aliniambia jambo lililoniumiza.

"Kesho asubuhi tunapanda lori kwenda kambini," alisema. "Mama mkubwa amekwisha kutuandikisha. Kambi ni nyingi, Zuleha. Mama akija nyuma yetu akapelekwa nyingine, nani atatuambia?"

Alhamisi hiyo ilikuwa ya mwisho kwake.

Nilipofika ofisini, Mjomba alikuwa amekwenda Mwandiga kutengeneza mashine ya watu. Alikuwa ameacha ujumbe kwamba kazi ninaijua, nifanye. Nilivimba kichwa. Mkuu wa ofisi, Mama Honorata, mwalimu mstaafu asiyependa hata kuigusa kompyuta, alikuwa dirishani na foleni ya watu.

"Zuleha, mwanangu, nitolee waliopatikana, nibandike ubaoni kabla ya saa kumi."

"Naam, Mama."

Sijakaa hata vizuri, akaingia Bwana Selestini, afisa anayepeleka taarifa kambini. Yeye ni Muha wa Kasulu, na husalimia "Mwakeye", salamu ya asubuhi kwao, hata kama jua limekwisha kuelekea Kongo.

"Mwakeye, binti. Gari linaningoja. Nitolee ambao bado hawajapatikana, nikawaulizie kambini. Upesi."

"Naam, Mzee."

Hapo ndipo akili yangu ya Katubuka ilipofanya kazi. Nimwambie Mama Honorata asubiri? Haiwezekani. Nimwambie Bwana Selestini asubiri? Thubutu! Nikawaza: mashine inaelewa /SAWA, na inaelewa /TOFAUTI. Nikiyaweka yote mawili pamoja, itanitolea yote mawili kwa mkupuo mmoja, kila mtu achague lake. Nikaandika, LINGANISHA, orodha ya kwanza, orodha ya pili, /SAWA /TOFAUTI. Nikabonyeza.

Kompyuta haikulalamika. Printa ilikereza, ikatoa karatasi ndefu yenye majina arobaini na moja. Nikachapa nakala mbili. Bwana Selestini akakunja yake na kuondoka. Mama Honorata akaitazama ya kwake akashika kifua.

"Arobaini na moja? Wiki iliyopita tulipata wanne. Mungu ni mwema." Akaandika juu yake kwa kalamu nene: WALIOPATIKANA. Akatoka kubandika.

Nilitaka kumwambia kwamba humo nadhani wamechanganyika. Sikumwambia. Yeye ndiye mkubwa, nikajiambia, na ameshaisoma.

Saa kumi Agape alikuja. Nilimwona kupitia dirisha. Alipitisha kidole kwenye majina yote arobaini na moja, taratibu, kisha akaanza tena juu. Alipokuja dirishani hakulia, na afadhali angelia.

"Watu wengi hivi wamepatikana, na yeye hayumo," alisema. "Basi. Nikafunge mizigo. Utanisalimia darasa."

Nyuma yake alisimama mvuvi mmoja wa makamo, Dadi, ambaye mwanawe wa kiume alipotea tangu masika. Yeye alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Jina la mwanawe lilikuwemo. "Yuko wapi?" alimuuliza Mama Honorata. "Nionyesheni tu njia, nakwenda kwa miguu." Mama Honorata akafungua daftari la ufukweni, akapekua, akapekua tena. Jina halikuonekana.

Kitu hakikuwa sawa, na kitu chenyewe kilikuwa kimetoka mikononi mwangu. Lakini pamoja na woga kulikuwa na udadisi ulionikereketa zaidi: mashine imefanya nini hasa? Haiwezi kudanganya, Mjomba amesema inalinganisha tu. Nikarudi kitini.

Nikatengeneza orodha mbili ndogo za kuchezea. Ya kwanza niliandika samaki waliopo sokoni: mgebuka, dagaa, kuhe. Ya pili, samaki anaowataka Bibi: dagaa, kuhe, singa. Nikalinganisha kwa /SAWA. Ikatoa dagaa na kuhe. Sawa kabisa, hao Bibi anawataka na sokoni wapo. Nikaweka /TOFAUTI. Ikatoa singa, anayetakiwa na hayupo. Sawa tena. Halafu nikaweka yote mawili, kama nilivyofanya mchana, /SAWA /TOFAUTI.

Ikatoa singa peke yake.

Dagaa na kuhe wamekwenda wapi? Nikageuza, nikatanguliza /TOFAUTI na /SAWA nikaiweka nyuma. Sasa ikatoa dagaa na kuhe, na singa ndiye aliyepotea. Nikarudia mara tatu, matokeo yakawa yale yale. Mashine ilikuwa inapokea maagizo mawili yanayopingana, inafuata la mwisho, na lile la kwanza inalitupa kimya kimya bila kusema neno.

Nilijua ni nani mwingine anayefanya hivyo. Nilikaa nikitazama kioo, masikio yananiwaka moto.

Karatasi iliyobandikwa ubaoni, basi, haikuwa ya waliopatikana hata kidogo. Ilikuwa ya wasiopatikana. Na waliopatikana kweli hawakuwa wameandikwa popote. Niliandika upya orodha zile kubwa, na safari hii agizo moja tu: /SAWA. Printa ikatoa majina matano. La tatu lilikuwa Regina Asukulu, Baraka, ameandikishwa ufukweni Kibirizi, Jumanne.

Ningeweza kuibadilisha karatasi ubaoni nikanyamaza. Mama Honorata angeshangaa kidogo, lakini asingejua. Wazo hilo lilinijia, siwezi kulikana. Lakini Dadi alikuwa amekaa pale kwenye benchi, kofia mkononi, anasubiri kuonyeshwa njia.

Nikamwendea Mama Honorata. "Mama, nimekosea. Karatasi ya ubaoni ni ya wasiopatikana. Mlinituma mambo mawili, nikaitikia yote, nikayatia yote kwenye mashine, nayo ikafanya moja. Nilihisi kuna kasoro ulipoisoma, nikanyamaza." Nikampa karatasi ya majina matano.

Aliisoma, akatoka akaibandika mahali pa ile ya kwanza. Kisha akavua miwani.

"Dadi utamwambia wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa pembeni yako."

Nilimwambia. Hakunifokea, akaivaa kofia yake taratibu. "Kwa hiyo bado," alisema. "Haya. Nitakuja Alhamisi." Mpaka leo sauti hiyo ninaisikia.

Mjomba Gharib aliingia akiwa na vumbi la Mwandiga mpaka kwenye nyusi. Mama Honorata akamwambia kwa maneno mawili tu, na palepale wakaingia kwenye pikapu ya ofisi, mimi nyuma. Tulipita Katubuka tukamchukua Agape na Mama Leonia, mizigo yao ikiwa imekwisha kufungwa kwa kamba, tukashuka Kibirizi. Kwenye banda la wageni, mwanamke mmoja alikuwa ameinama anapepea moto wa kuni. Agape alimtambua kwa mgongo. Alikimbia huku akiita, na yule mwanamke akageuka na kijiko cha mbao mkononi, akakiangusha ndani ya majivu. Mama Leonia alikaa chini mchangani palepale akalia, na mimi nililia naye bila haya. Mama Honorata akaenda kumtafuta mwandikishaji, ili majina yao yaondolewe kwenye lori la kesho na wote watatu waandikwe pamoja kwa safari ya wiki ifuatayo. Bwana Selestini alikuwa ameshaondoka kwenda kambini, na hakukuwa na haja ya kumfuata. Karatasi yake yeye, kumbe, ilikuwa sahihi: wasiopatikana ndio aliowataka.

Jumamosi asubuhi Mjomba aliniita ofisini. Nilijua nimekwisha.

"Mshika mawili moja humponyoka," alisema, akijichekea. "Haya, mwalimu wa samaki. Nimeona ule mchezo wako wa dagaa na singa. Umefanya vizuri. Kosa la kwanza ni lako, kosa la pili ni langu."

"Lako, Mjomba?"

"Mimi ndiye niliyeitunga. Sikuwaza kwamba mtu ataiagiza mambo mawili yanayopingana. Nikaiacha ibahatishe, na mbaya zaidi, ibahatishe kimya kimya. Mashine ya namna hiyo ni hatari kuliko iliyokufa, kwa sababu iliyokufa utaijua. Sasa, wewe ungependa ifanye nini?"

Nikafikiri. "Isifanye chochote. Isimame, iulize."

"Iulize vipi? Andika wewe."

Nikakaa, nikaandika maneno, naye akayapachika ndani ya programu. Tukajaribu kwa samaki wangu, /SAWA na /TOFAUTI kwa pamoja. Printa haikukereza. Kiooni yakatokea maneno yangu: UMENIPA MAAGIZO MAWILI YANAYOPINGANA. NIFUATE LIPI?

Jioni hiyo nilikuwa ukumbini nyumbani. Bibi, akiwa kwenye mkeka wake, akaniita niende kwa jirani nikamrudishie kibao cha mbuzi. "Naam, Bibi." Nikainuka. Kutoka jikoni Mama akaita, nisitoke, nimshikie mtoto. "Naam, Mama."

Miguu ikaanza kwenda jikoni yenyewe, kwa mazoea. Nikaisimamisha.

"Bibi," nikasema, "umenituma kwa jirani, na Mama amesema nisitoke, nimshikie mtoto. Nifuate lipi?"

Bibi alinyanyua macho. Nilingoja neno "adabu". Akanitazama kama mtu anayekumbuka chumvi nyingi ambazo hazikufika.

"Mshike mtoto," alisema. "Mbuzi si kitu cha haraka. Kumbe siku zote ulikuwa unatumwa na watu wawili na husemi?"

Nikamweleza yote, ya mashine, ya Dadi, ya Agape. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Kuuliza si ujinga, Zuleha, na si utovu wa adabu pia," alisema. "Mkubwa anapokutuma hajui mwenzake amekutuma nini. Wewe ndiye unayejua. Ukinyamaza, yuko mtu mahali fulani atakayeumia, naye hata hakuwepo wakati unaitikia." Akavuta kanga yake begani. "Mimi nilikufundisha kuitikia, mjukuu wangu. Sikukufundisha kunyamaza."

Alhamisi iliyofuata nilikuwa kitini mapema. Nilitumia agizo moja, nikatoa karatasi moja, nikaisoma yote kabla ya kumpa mtu. Saa kumi Dadi alikuja, akapitisha kidole kwenye majina. Nilitoka nje nikasimama pembeni yake mpaka alipomaliza.